Zebra Tuliiomba Langoni, Watoto Wanavukia Dukani

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande ule ambao lami ni barabara kubwa peke yake na ukikata kuingia ndani ni vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Shule ya msingi iko ng'ambo moja ya lami, nyumba nyingi ziko ng'ambo ya pili. Daladala zipo, lakini asubuhi konda akiona sare anagonga bati gari liondoke, maana nauli ya mwanafunzi haimlipi. Basi watoto wanatembea. Wachache wana baiskeli, na wengine wazazi wanawapakia mshikaki, watatu wanne kwenye bodaboda moja.

Kamati ya njia ya shule ilianzishwa kwa hasira, mtoto alipogongwa. Hasira hukusanya watu haraka, kisha huwaanzisha na kazi isiyofaa. Tunaandika kwa ajili ya mitaa mingine ambayo kesho au keshokutwa itakaa chini ya mwembe kujadili jambo hilihili, ili msipoteze saruji na miezi kama sisi.

Kazi hiyo isiyofaa ilikuwa tuta. Vijana walichangishana, kikaja kifusi cha nyumba iliyobomolewa na mifuko miwili ya saruji, na kulipokucha tuta lilikuwa limelala kwenye njia ya vumbi inayotokea barabara kubwa. Upana sentimita 60, kimo karibu 20. Tuta la kipimo hicho ni ukuta. Gari dogo linakwaruza tumbo, na bodaboda, ambaye ndiye tuliyemlenga, hapandi kabisa: anakwepa na kupita pembeni, kwenye kile kiukingo chembamba ambacho watoto wanakanyaga. Kwa siku nne tulikuwa tumeziondoa pikipiki katikati ya njia na kuzileta ubavuni mwa watoto. Siku ya tano mtu akaanguka usiku. Tulilivunja wenyewe kwa nyundo, na kulivunja kulikaribia gharama ya kulijenga.

Tuta linalofanya kazi ni pana na la chini, kama mita 3.7 kwa upana na sentimita 7.5 hadi 10 kwa kimo. Linaanzia ukingo hadi ukingo bila kuacha mwanya wa pikipiki, lina kibao cha onyo kabla ya kulifikia na rangi inayoonekana usiku. Na si kazi ya mtaa. Barabara ina mwenyewe: kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya na mitaa ni za TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa 2017. Ukijenga bila kibali, mtu akivunjika mguu anakutafuta wewe, na ana haki.

Baada ya hapo tukawa watiifu, tukaandika barua. Barua inayosikilizwa inatoka kwenye mkutano wa mtaa ikiwa na muhtasari na orodha ya waliohudhuria, inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, inapitia kwa mtendaji wa kata, halafu ndiyo inakwenda kwa wakala mwenye barabara. Nakala kwa diwani, kwa mwalimu mkuu na kwa polisi wa usalama barabarani wa wilaya. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo muhuri, kila ukirudi unaanza upya na karani mpya. Angalieni pia kalenda: mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini mipango inakusanywa miezi mingi kabla. Sisi tulipeleka barua mwezi wa tano tukidhani tumewahi.

Tuliomba zebra mbele ya lango la shule. Ilikuja, ikachorwa vizuri, langoni kabisa. Watoto wakaendelea kuvukia dukani, hatua tisini kutoka pale.

Tuliwasema. Mwalimu wa zamu aliwasema. Wengine walichapwa, na hilo tunaliandika kwa aibu. Hakuna aliyewauliza kwa nini. Walipoulizwa, jibu lilikuwa fupi: uchochoro unaotoka kwenye nyumba unatokea dukani, na kutoka dukani hadi langoni, upande wa nyumba, hapapitiki. Mtaro umebomoka, maroli ya mchanga yanaegeshwa hadi ukutani, kwa hiyo anayetaka kufika kwenye zebra inabidi atembee juu ya lami yenyewe, hatua tisini, magari yakimpita mgongoni. Mtoto alikuwa anachagua kuvuka mara moja haraka. Kwa ile njia tuliyompa, alikuwa na akili kutuzidi.

Hapo ndipo tulipoanza kazi ambayo ingepasa kuwa ya kwanza: kukaa na kuangalia. Kaeni siku tatu za shule, si moja, na mojawapo iwe siku ya mvua mkiipata. Mkae kwenye saa za watoto. Kwetu wadogo wanatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili wawahi usafi, na hili watu wazima hulisahau: Juni hadi Agosti jua la Dar huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, ilhali Novemba limeshatoka kabla ya saa kumi na mbili kamili. Yaani barabara ileile ambayo Novemba mtoto anaivuka kweupe, Julai anaivuka gizani. Tulikuwa tumefanya ukaguzi wetu wa kwanza saa nne asubuhi, baada ya chai.

Chukueni ramani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulichora sehemu kubwa ya jiji hili kwa kutumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, na kazi hiyo ipo wazi kwenye OpenStreetMap, hadi vichochoro. Chapisheni eneo lenu kwenye karatasi kubwa na mwambie kila mtoto wa darasa la tano achore njia yake kwa kalamu ya rangi. Mistari inapojazana ndipo penye kazi. Asubuhi baada ya mvua mchanga nao unasema: nyayo ndogo zinakusanyika kama mkondo mahali pamoja, na pale ndipo kivuko kilipo, hata kama rangi iko kwingine. Kisha mtu mzima achuchumae hadi macho yake yawe kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, sentimita 110 hivi, atazame barabara kutoka hapo. Meza ya mama wa vitumbua, kibanda cha wakala wa fedha, tairi la roli: vyote hivyo kwa mtu mzima ni vitu vya kutazama kwa juu, kwa mtoto ni ukuta.

Tulitaka pia namba za mwendo, na tochi ya kupimia mwendo ni ya trafiki. Kuna njia rahisi. Pima mita 50 kwa kamba, weka alama ya chaki mwanzo na mwisho, na mtu mmoja akae mahali anapoziona zote mbili akiwa na saa ya kuhesabia ya simu. Gari likipita mita hizo kwa sekunde 3.6 linakwenda kilomita 50 kwa saa, kwa sekunde 6 linakwenda 30. Kidole kinachelewa, kwa hiyo usisimamie gari moja, pima hamsini na uangalie wingi wao. Kosa letu siku ya kwanza lilikuwa kuvaa vizibao vya njano. Madereva walidhani ni trafiki, wakaanza kumulikiana taa za kuonyana, na vipimo vikatoka vya adabu sana. Siku ya pili tulikaa kibarazani kwa muuza duka na soda zetu.

Namba hizi zina uzito wake. Lami yetu ina upana wa mita 7, na mtoto mdogo mwenye begi anatembea kama mita moja kwa sekunde. Sekunde saba kuvuka. Gari la kilomita 50 kwa saa katika sekunde hizo limesogea mita 97. Kwa hiyo mahali pa kuvukia panatakiwa pawe mahali ambapo mtoto anaona mita 100 kila upande, na panapokosekana hapo, magari yapunguzwe mwendo kwanza. Gari hilo, dereva akistuka kwa sekunde moja na breki zikiwa nzima kwenye lami kavu, linasimama baada ya mita kama 28. La kilomita 30 linasimama kwa mita 13. Tukaandika barua ya pili, safari hii na ramani yenye mistari ya watoto, jedwali la mwendo, na picha tatu zilizopigwa kutoka kimo cha sentimita 110. Mhandisi aliyekuja alizitazama picha kuliko barua.

Ni vizuri kujua kwamba jiji hili halianzi sifuri. Mpango wa SARSAI wa Amend, shirika la usalama barabarani, wa kukagua na kuboresha barabara za maeneo ya shule, umefanya kazi hii Dar es Salaam, na mwaka 2019 ulishinda tuzo ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI Ross Center. Ukienda kuona, mambo yenyewe hayana fahari: njia ya miguu iliyotengwa, nguzo fupi, tuta, alama, na wakati mwingine lango la shule kuhamishwa upande wa pili wa uzio. Lango kuhamishwa! Ingetuchukua mwaka mwingine kufikiria kwamba si lazima watoto walifuate lango.

Zebra ya dukani ilikuja mwaka wa fedha uliofuata, ikiwa na rasta, vile vituta vyembamba vinavyofuatana, pande zote mbili. Lakini mtoto wa leo hasubiri bajeti, kwa hiyo wakati tunangoja tulishughulikia zile hatua tisini. Mtaro ulihitaji mabamba ya zege, na hapa tutaeleza kwa kirefu kwa sababu ni kazi ambayo mtaa unaweza kuifanya vizuri, mkishapata ruhusa ya mwenye barabara, na pia unaweza kuiharibu vibaya.

Mtaro wetu una upana wa sentimita 60. Bamba la urefu wa mita 1 linaegemea sentimita 20 kila upande, na usikubali chini ya 15. Upana wa bamba sentimita 60, unene 10. Mabamba matatu yakipangwa sambamba yanatoa kivuko cha mita 1.8, watoto wawili wanapishana na baiskeli inasukumwa. Sisi tulihitaji vivuko viwili, yaani mabamba sita: mifuko mitatu ya saruji, nondo tano za milimita 10 zenye urefu wa mita 12, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nondo zipangwe kila sentimita 15 kwa urefu na kwa upana. Zile za urefu ndizo zinazobeba mzigo, na zikae chini ya bamba, sentimita 2.5 kutoka kwenye sakafu ya kiunzi, zikiinuliwa kwa vijiwe.

Hapo chini ndipo tulipokosea. Fundi alimwaga zege, akaweka nondo juu, akafunika na kulainisha. Kwa macho lilikuwa bamba zuri. Bajaji ya kwanza iliyokatiza ililipasua katikati, kwa sababu bamba likikanyagwa linavutika upande wa chini, na chini hakukuwa na chuma. Mengine tuliyoyageuza yakawa sawa, maana nondo zikaangalia chini. Tangu hapo tunachora mshale kwenye zege bichi kuonyesha upande wa juu. Pia tuliyakanyaga mapema mno. Mwagieni maji siku saba na mfunike kwa magunia, na msiweke mzigo kabla ya wiki mbili, ikiwezekana siku 28. Bamba moja lina uzito wa kilo 140 na ushei, watu wanne wa kulibeba. Chomekeni vipande viwili vya nondo vilivyopindwa kama vishikio, la sivyo siku ya kuzibua mtaro watalivunja ili walitoe, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Bajaji ilikuwa inafanya nini pale? Ndiyo swali. Njia nzuri ya miguu Dar haikai siku mbili bila kupata bajaji, meza au gari la mtu aliyekwenda kununua vocha. Weka nguzo fupi za zege mwanzoni na mwishoni, zikiachana mita 1.1: bajaji haipiti, kiti cha magurudumu kinapita, baiskeli inapita. Pikipiki nayo itapita, hilo haliepukiki kwa nguzo. Msiweke nguzo za chuma. Vyuma vyetu viwili vya kwanza viliishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu ndani ya mwezi mmoja, na kibao cha alama kilifuata. Tangu hapo bomba la kibao tunalijaza zege na kuligonga dhruba chache liharibike sura, wizi ukaisha.

Rangi nayo: rangi ya mafuta ya ukutani msiipake barabarani. Inateleza ikilowa, na ndani ya wiki chache matairi yameila. Rangi ya barabara ni ile ya kuyeyushwa kwa moto, inayonyunyiziwa chembe za kioo ili ing'ae taa zikiimulika, na kazi hiyo ni ya mwenye barabara.

Kuhusu wavushaji tulianza na watu wawili kwa posho ya shilingi 2,000 kila mmoja kwa asubuhi. Siku ishirini za shule ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Mfuko ulikauka mwezi wa tatu. Tulijaribu kuomba mchango kupitia shule na mwalimu mkuu akakataa, na alikuwa sahihi: tangu elimu bila malipo ianze 2016, neno mchango likitoka shuleni linaleta maswali mazito kwake. Fedha ya wazazi ipite serikali ya mtaa, kwa hiari, kwa stakabadhi, na vitabu vibandikwe ukutani. Mwisho tuliacha posho kabisa tukagawa zamu kwa mashina: kila mjumbe anatoa watu wawili kwa wiki moja. Shina moja hutegea karibu kila mara, nasi tunalijua, na wiki yake mwanakamati anaweka kengele ya saa kumi na nusu.

Mvushaji ambaye hajafundishwa ni hatari kuliko kutokuwa na mvushaji, kwa sababu mtoto anamwamini na kuacha kutazama. Mwombeni askari wa usalama barabarani aje kufundisha, siku mbili zinatosha. Kibao cha SIMAMA kiwe chekundu pande zote mbili na kipenyo cha sentimita 45 au zaidi. Mvushaji aingie barabarani kwanza, peke yake, asubiri magurudumu ya pande zote mbili yasimame kabisa, ndipo awaite watoto, na wavuke wakipita mgongoni mwa kile kibao. Kinachoua kwenye zebra zetu ni lile gari la pili: gari dogo limesimama kiungwana, daladala nyuma yake inadhani linashusha abiria, inalipita ubavuni. Hii ina maana mvushaji asimame katikati ya barabara, si ukingoni, na aangalie nyuma ya gari lililosimama. Mama anayeuza vitumbua pale tangu saa kumi na moja ndiye jicho zuri kuliko wote, lakini usimpe kibao. Wateja wake wanakuja saa ileile.

Watoto wa darasa la kwanza na la pili wanakwenda kwa msafara. Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, watoto wasiozidi kumi na watano, vituo vyenye saa maalumu na bila kungoja mchelewaji. Tulipoanza kungoja, wiki moja tu, msafara mzima ulichelewa namba na wazazi wakaanza kuwatuma peke yao tena. Wanatembea upande wa kulia wa barabara ili waone magari yanayokuja. Sare ina shati jeupe, lakini asubuhi ya Julai juu yake kuna sweta la bluu, na gizani bluu na nyeusi ni mamoja. Utepe wa kuakisi mwanga wenye upana wa sentimita 5 ushonwe kwenye begi, mbele na nyuma, na kipande kingine chini karibu na kifundo cha mguu, maana kinachotikisika ndicho dereva anachokiona. Utepe hauna taa yake. Bodaboda aliyezima taa haoni kitu.

Baiskeli ndizo zilizotupa kazi tusiyoitarajia, kwa kuwa tulidhani ni wachache. Siku ya kwanza ya ukaguzi uwanjani tulizipanga na kuzipima moja moja, na zaidi ya nusu hazikuwa na breki zinazoshika. Hili lina sababu. Baiskeli nyingi ni za baba, fremu ndefu, breki za fimbo ambazo raba zake zinabana chini ya rimu. Raba ikiisha fundi anakata kipande cha tairi kuukuu na kukichomeka. Kinashika kavu, kikilowa kinateleza kama sabuni, na tairi lenye waya ndani linakwangua rimu. Raba mpya ni bei ndogo mno kulinganisha na meno ya mbele ya mtoto. Jaribio ni hili: sukuma baiskeli mbele na ubane breki ya mbele, gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma, gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Raba iliyobaki chini ya milimita 3 itolewe. Mnyororo ukisukumwa kwa kidole katikati ucheze sentimita 1 hadi 2, ukizidi hapo utaruka wakati mtoto anakazana kuvuka. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana, si kwa koleo.

Kisha kimo. Mtoto akikaa kwenye tandiko, ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse chini. Wale wanaopenyeza mguu chini ya bomba la fremu na kupiga pedeli wakiwa wameinama upande mmoja wanajua kwenda, hawajui kusimama. Hao tuliwaambia wazazi waziwazi: atembee mpaka akue, au itafutwe ndogo ya mtumba. Wengine walichukia.

Halafu kuna mdogo wake, anayekaa kwenye keria. Kisigino kikiingia kwenye spoku, nyama inachanika na kidonda hakiponi upesi. Kinga yake ni dumu la plastiki la lita 20. Likate upate vipande viwili vya nusu duara, toboa matundu pembeni kwa msumari wa moto, funga kwa waya laini kwenye madigadi na kwenye miguu ya keria, kimoja kila upande wa gurudumu la nyuma, ncha za waya zikiangalia ndani. Ongeza vyuma viwili vya kukanyagia karibu na ekseli ili miguu isining'inie. Fundi akiwa na dumu tayari anamaliza baiskeli moja kwa nusu saa. Na ile mipira ya tyubu ya kufungia begi, mkia wake ukatwe, usiachwe ukining'inia juu ya mnyororo.

Mafunzo tulifanya Jumamosi nne kwenye uwanja wa mpira: kusimama kati ya mistari miwili ya chaki, kugeuka kutazama nyuma ya bega bila kuyumba, kuendesha kwa mkono mmoja ukinyoosha mwingine. Kwenye hili la pili wengi waliyumba hadi mita moja, na mita moja kwenye lami ni ubavu wa daladala. Jihadharini na jambo moja lililotuponza. Watoto walikuwa wameshafundishwa kwamba anayetembea anashika kulia. Wakapanda baiskeli na kushika kulia, wakikutana na magari uso kwa uso. Baiskeli ni chombo, inashika kushoto kama vyombo vyote. Mfundishe tofauti hiyo siku ya kwanza, tena barabarani, si kwa wimbo. Kukata kulia kutoka barabara kubwa tumekuzuia kabisa kwa wa darasa la saba kushuka chini: anasimama kushoto, anashuka, anasukuma baiskeli kwenye zebra pamoja na wenzake.

Shuleni kuna maegesho sasa, mabomba yaliyopindwa kama U iliyogeuzwa, kimo sentimita 75 juu ya ardhi na 30 chini kwenye zege, yakiachana mita moja. Kila bomba linafungiwa baiskeli mbili. Yako mbele ya dirisha la walimu. Tuliyaweka kwanza nyuma ya vyoo na wiki ya pili tandiko mbili zikatoweka.

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa langoni kabisa. Vitisho vya kuwaita askari viliwaondoa kwa asubuhi moja moja. Kilichosaidia ni mwenyekiti wao kuingia kwenye kamati na kuchagua mwenyewe sehemu mpya, mita 40 kutoka langoni, yenye kivuli. Mshikaki haujaisha. Anayeulipia ni mzazi, na wazazi hao baadhi yao ni wanakamati.

Masika yana kanuni yake. Njia yetu moja inakatiza korongo, na maji yakipita juu ya kivuko hakuna anayevuka, hata akiwa na mtu mzima, hata kama ni siku ya mtihani. Mjumbe wa jirani anapeleka ujumbe kwenye kundi la simu kabla ya saa kumi na moja, na mwalimu mkuu amekubali kwamba mtoto wa ng'ambo ile hahesabiwi mtoro siku hiyo. Hilo liandikwe, maana walimu wakuu huhamishwa.

Mvua zikikatika linakuja greda. Mara ya kwanza lilisawazisha njia vizuri sana, likazika mabamba mawili chini ya sentimita 20 za udongo, likang'oa nguzo moja, na mtaro ukaziba. Tulikuwa tumelala. Sasa tunayo namba ya msimamizi wa eneo, na mabamba yamepakwa rangi nyeupe kwenye pembe. Greda likisikika, mtu wa zamu anatoka na jembe na vijiti vyenye vitambaa vyekundu, anavichomeka kila penye bamba, na anakaa palepale mpaka lipite.